Unga wa Manjano kutoka Magwagwa

Magwagwa, Nyamira
3 Juni 2025

Kwa Dada Persis Nyanchoka,
Maabara ya Kemia, Kisii

Dai langu ni hili, na nitalitetea mpaka mtu anishinde kwa hoja: unga ulio katika kifurushi hiki hauna kitu chochote cha kigeni. Ni urea tu, mbolea ile ile ya kukuzia mahindi inayouzwa hapa sokoni. Niliisafisha kwa maji moto, nikaikausha, nikaioka polepole katika chombo kilichofunikwa hadi ikageuka unga wa manjano. Uutie katika maji, uuwashie taa yako inayoiga jua, nao utatoa hidrojeni nyingi kuliko unga wowote uliowahi kupita mezani pako. Nguvu yake imetokana na namna ninavyouoka, wala haikutokana na jambo lingine.

Sisemi kwa kubahatisha. Niliujaribu hapa shuleni, katika mtungi wa kioo dirishani, kwa maji yenye spiriti kidogo na yale matone ya platinamu uliyonipa huku ukinikazia macho. Nilikusanya gesi katika neli ya majaribio, nikaisogezea kiberiti, ikalipuka kwa mlio mdogo kama hidrojeni ifanyavyo. Wanafunzi wa kidato cha tatu walipiga makofi, na mmoja akauliza: "Mwalimu, hii inaweza kuivisha githeri?" Nikamjibu kwamba kwa kiasi kile angeivisha punje moja kwa muhula mzima. Walicheka. Lakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko kicheko chao. Jua tunalo, maji tunayo. Tulichokosa ni kichocheo kizuri cha kuunganisha hivyo viwili, na ndicho ninachokitafuta.

Utauliza kwa nini ninakuandikia barua ilhali simu iko mfukoni. Kwanza, kanuni za mradi wa Daktari Ochoki zinataka kila sampuli iambatane na maelezo yaliyotiwa sahihi. Pili, hoja ya simu hufa pale mtu anaposema "haya, tutaongea." Nimekuwa nikiambiwa "tutaongea" tangu nilipohitimu.

Nafasi ya ufadhili ni moja, na wewe unajua. Atakayeleta unga unaoushinda ule wa maabara ataingia shahada ya uzamili mwezi Septemba. Nimekuwa mwalimu wa bodi, anayelipwa na shule wala si serikali, kwa miaka mitatu, nikifundisha kemia, fizikia, na hata somo la dini pale mwenyewe anapougua. Nimechoka, Persis. Uchovu wenyewe hautokani na kazi. Ninachoka kuwa mtu ambaye kila mmoja anamwambia kwamba ana akili, kisha anampa chaki.

Maelezo ya utayarishaji: joto limeandikwa kwenye lebo, kama lilivyosomwa na waya wa kupimia ulionikopesha. Tanuri: la matofali na makaa, nililolijenga nyuma ya maabara ya shule. Chombo: cha kauri, chenye kifuniko.

Wako katika hoja,
Lewis Mokua Nyamweya

*

Kisii
12 Juni 2025

Mwalimu Lewis,

Kifurushi kimefika, pamoja na barua iliyokuwa nzito kuliko kilichomo.

Nimeupima unga wako. Mara ya kwanza nilidhani mashine ya kupimia gesi imerukwa na akili, nikaosha vioo vyote nikarudia. Nikarudia tena siku iliyofuata baada ya stima kurudi. Jibu ni lile lile: unatoa hidrojeni mara sita ya unga wetu. Tena una manjano iliyokolea zaidi, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Nilimwita Daktari Ochoki. Alisimama nyuma yangu, akatazama mchoro ukipanda kwenye skrini. Kisha akasema: "Alete mwingine." Basi. Usikasirike. Miaka miwili iliyopita, kabla sijaajiriwa hapa, mwanafunzi wake mmoja alileta unga mzuri, kumbe aliununua ng'ambo akabandika jina lake. Nusura mradi ufungwe. Tangu hapo mzee akiona kitu kizuri huanza kukinusa.

Mimi niko vile vile. Ninapima, wengine wanaandika. Katika karatasi zote zilizotoka kwenye chumba hiki, jina langu ni "msaada wa kiufundi." Jana nilifunga maabara, nikakaa ngazini nusu saa kwa sababu miguu ilikataa kwenda nyumbani.

Oka mwingine, ulete. Lakini usiuoke Jumamosi, Wasabato wenzako wasije wakasema mimi, Mkatoliki wa Suneka, nimekupoteza.

Persis

*

Magwagwa
23 Juni 2025

Dada Persis,

Mara sita! Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa katikati ya kusahihisha mitihani, na kwa hasara ya nidhamu yangu nimemtunuku mwanafunzi alama ambazo hakustahili.

Ninakutumia uokaji wa pili na wa tatu, kila mmoja na lebo yake. Utaratibu ni ule ule, neno kwa neno. Mwambie Daktari kwamba sioni uchungu kunuswa. Kinachonuswa kikiwa safi, pua ndiyo itakayochoka. Nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu unga huu, katika simu yenye kioo kilichopasuka, nikinunua data badala ya sukari. Wapo walioongeza nguvu yake kwa kuuchanganya na madini, na wengine kwa kuukatakata uwe mwembamba kama karatasi. Mimi nimeongeza kwa subira ya moto peke yake. Endapo hilo litathibitika, mkulima yeyote mwenye mbolea na makaa ataweza kutengeneza kichocheo nyumbani kwake. Fikiria maana yake hapa, ambapo kila kitu kizuri hutujia kwenye kasha lenye lugha ya watu wengine.

Mvua haijaacha. Asubuhi ninamsaidia mama kuchuma chai kabla ya gwaride la shule, ninafika shuleni nikiwa nimelowa, ninafundisha hadi nguo zikaukie mwilini. Mama naye ana neno lake jipya: anatafuta kitu jikoni hakioni, na ameanza kuwatazama majirani kwa jicho lisilo zuri. Nitalitatua.

Lewis

*

Kisii
4 Julai 2025

Lewis,

Keti kwanza.

Uokaji wa pili: mara nne. Uokaji wa tatu: unafika mara mbili kwa shida. Rangi nayo imepauka. Nimepima vyote kwa taa moja, kwa maji yale yale, kwa siku mbili mfululizo. Daktari ameziona namba. Ameuliza, "Mbona anaposogezewa macho anapungua?" 

Sasa nisaidie. Uliandika "chombo cha kauri." Cha kauri ya aina gani? Kilinunuliwa wapi? Kimewahi kutumiwa kwa kazi gani nyingine? Ndani ya kifurushi nimekuwekea kikombe kipya cha kauri cha maabara, chenye kifuniko chake. Oka wa nne ndani yake, uniletee.

Na tafadhali, ujibu swali la chombo. Najua unavyojibu maswali usiyoyapenda: unaandika kurasa tatu kuhusu jambo jingine.

Persis

*

Idara ya Kemia, Kisii
16 Julai 2025

Kwa Bw. Lewis M. Nyamweya

KUH: SAMPULI ZAKO ZA KICHOCHEO

Nimepokea uokaji wako wa nne, uliotayarishwa katika kikombe cha maabara yetu. Hauzidi unga wetu wa kawaida kwa lolote.

Aidha, uchunguzi wa uokaji wako wa kwanza umeonyesha kiasi kikubwa cha potasiamu. Kama unavyojua, urea haina potasiamu, wala maelezo yako hayaitaji popote. Ni jambo linalofahamika katika fani yetu kwamba chumvi za potasiamu, zikichanganywa kwa kipimo, huongeza uwezo wa unga huu. Wewe uliandika kwamba hauna "kitu chochote cha kigeni." Ripoti ya maabara iliyotiwa sahihi na P. Nyanchoka inasema kinyume.

Mtu aliyeongeza chumvi na kusema ameongeza angepongezwa. Mtu aliyeongeza chumvi kwa siri, kisha akaipunguza alipoona anafuatiliwa, ametenda jambo ambalo niliwaambia wanajopo, katika kikao cha jana, kwamba jina lake ni udanganyifu. Jina lako limeondolewa katika ushindani. Ukiwa na utetezi, uuandike kabla ya semina ya tarehe 10 Septemba.

Nimefundisha miaka mingi, Bw. Nyamweya. Wewe ulikuwa katika wale wachache ambao nilitamani kukosea juu yao.

Dkt. Manasseh Ochoki

*

Magwagwa
18 Julai 2025

Persis,

Nimeiona sahihi yako.

Tulikaa benchi moja miaka minne. Nilipokosa kitabu, tulisoma chako. Ulipokosa mlo, tuligawana changu. Ulikuwa na nambari yangu ya simu, ulikuwa na anwani yangu, ulikuwa na barua mbili zenye kila neno la hoja yangu. Ulipoiona hiyo potasiamu, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa nani? Daktari. Nami nikaipata kwa barua yenye "KUH" juu yake, mbele ya mwalimu mkuu, aliyeifungua kwa sababu ilikuja na muhuri akadhani ni ya shule. Sasa chumba cha walimu kizima kinajua. Mwalimu wa biashara ameniuliza leo, akiwa na mkate mdomoni: "Sir, kwani ni chumvi ngapi uliweka kwenye hiyo supu?"

Sikuweka chumvi. Sikuweka mbolea ya kupandia. Sikuweka kitu. Ningeapa, lakini mtu anayejua kujenga hoja haapi.

Huniamini, sema. Umeogopa mkataba wako, sema pia, hilo ningelielewa. Lakini usinyamaze.

Lewis M. Nyamweya

*

Kisii
4 Agosti 2025

Lewis,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya mikrowevu. Ilinibidi nipoe.

Nilitia sahihi ripoti kwa sababu ilikuwa kweli. Niliandika hivi, na nakala ninayo: "Kuna potasiamu. Chanzo hakijulikani." Maneno manne. Neno "udanganyifu" sikuliandika, na "kwa siri" sikuliandika. Ulitaka nifanye nini, nifute kipimo kwa sababu tuligawana mlo? Siku nitakayofuta kipimo kwa ajili yako, siku hiyo zile mara sita nazo hazitakuwa na maana, kwa sababu zimetoka kwenye mkono ule ule. Kukupigia simu Daktari alinikataza. Nilikuandikia kuhusu chombo, hukunijibu. Ndiyo, mkataba wangu unaisha Septemba. Hukukosea kukumbuka, ila ulikumbuka ili kuniumiza.

Sasa nisikilize kama mwanakemia.

Daktari anasema ulipunguza chumvi ulipoona unafuatiliwa. Mimi namwambia moyoni: mdanganyifu anayetafuta ufadhili huongeza, hapunguzi. Sita, nne, mbili. Namba hizo si za mtu anayeogopa, Lewis. Ni za kitu kinachokwisha. Kuna kitu mahali fulani kilichokuwa na potasiamu, na kila ukioka unakinyonya, na kinabaki na kidogo. Haiwezi kuwa mbolea. Mfuko ni ule ule, na katika kikombe chetu haikutoa lolote la ziada. Makaa hayagusi unga. Kimebaki kitu kimoja tu.

Ninauliza kwa mara ya pili, na sitauliza ya tatu: ulioka katika nini?

Una kiburi ambacho mara nyingi nimekitetea mbele za watu. Niache nikitetee na hapa. Lakini nipe cha kutetea.

Persis

*

Magwagwa
11 Agosti 2025

Dada Persis,

Katika nyungu ya mama.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili nisije nikaizungushia kurasa tatu. Nilikosa kikombe cha maabara, na kuiita nyungu hiyo "chombo cha kauri" hakukuonekana kwangu kuwa uongo. Udongo uliochomwa ni kauri. Ningeweza kulitetea hilo mbele ya jopo lolote. Ukweli ni kwamba niliwaza ile karatasi ya maelezo ikisomwa kwa sauti ukumbini, "alioka katika nyungu ya kupikia mboga," nikasikia kicheko kabla hakijachekwa.

Niliichukua mama akiwa shambani. Ijumaa iliyopita alinikamata mlangoni, kapu la chai bado mgongoni.

"Mokua. Nyungu yangu iko wapi?"

"Iko shuleni, mama."

"Shuleni. Inasoma kidato cha ngapi?"

Nikajifanya kufuta matope viatuni.

"Irudi leo. Sabato haitaingia humu bila mboga."

Niliirudisha. Aliifunua, akaingiza pua, akaiweka chini taratibu kama mtu aliyemwona nyoka akiwa amelala.

"Umepikia nini humu?"

"Mbolea, mama. Ya mahindi."

"Inanuka kama choo cha stendi." Akaketi kwenye kigoda, kapu bado mgongoni. "Magokoro, bibi yako, aliipokea kwa mama mkwe wake, akanipa mimi. Mboga za chinsaga za harusi yangu zilipikwa humu. Wewe na digrii yako umepikia humu mkojo."

"Urea, mama, si mkojo, ingawa kwa asili..."

"Omwana one, mwanangu, nyamaza. Sufuria zilikwisha?"

"Sufuria isingehimili moto ule."

"Basi ungeomba."

  Mama ameiosha kwa mchanga, kwa sabuni, kwa maji ya moto, harufu haitoki. Jumamosi tulikula mboga za sufuria.

Kwa vile ulitaka historia yake, ni hii. Haikupikiwa nyama kamwe, wala ugali. Ni ya mboga za kienyeji tu, chinsaga na rinagu, na katika nyumba yetu mboga hizo hulainishwa kwa maji ya majivu. Maganda ya ndizi hukaushwa juu ya meko, huchomwa, majivu huwekwa katika kibuyu kilichotobolewa, maji humiminwa juu yake yakatoka chini yakiwa na rangi ya chai. Wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine, wamechemsha maji ya majivu katika nyungu hiyo kila wiki ya maisha yao, na udongo

Nimesimamisha kalamu hapo. Umeona pia, bila shaka umeona kabla yangu.

Majivu ya ndizi. Nilipata alama ya juu kuliko darasa zima katika kemia ya madini. Ningeweza kukuandikia kwa usingizi ni nini kilichomo katika majivu ya mmea. Na nimekula mboga hizo tangu niote meno, bila kuuliza hata siku moja maji yale ni nini. Udongo ule umejaa potasiamu kama sifongo. Uokaji wa kwanza ulinyonya nyingi, wa pili kidogo, wa tatu mabaki.

Kwa hiyo dai langu la kwanza limeanguka. Ndani ya unga kulikuwa na kitu cha kigeni. Nimelitetea kwa nguvu zangu zote, nalo lilikuwa si kweli.

Ninachoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Lakini naomba jambo moja, na safari hii naomba: usiniamini. Pima. Mama amekubali kuchoma maganda mengine. Majivu yake yako kwenye mkebe wa kakao ndani ya kifurushi hiki. Yachuje, uyatie katika urea, uoke katika kikombe chenu safi. Nikikosea tena, nitafunga mdomo na kufundisha somo la dini.

Lewis

*

Kisii
28 Agosti 2025

Lewis,

Nimepima. Nilichuja majivu ya mama yako, nikatia kipimo kidogo katika urea ya dukani, nikaoka katika tanuri letu la umeme, katika kikombe ambacho hakijawahi kuona mboga. Nikaoka kingine bila majivu, kandokando yake, ili mtu asiseme ni tanuri. Usio na majivu ni wa kawaida. Wenye majivu ni mara saba. Nimerudia na maganda niliyoyaokota mwenyewe soko la Mosocho, nikayachoma kwa shangazi: karibu saba tena. Kisha nilitia majivu mengi zaidi nikidhani nitapata kumi, unga ukaharibika kabisa. Kwa hiyo kuna kipimo chake, na kipimo hicho sasa ninakijua.

Hivyo nyungu yako ilifanya kwa bahati jambo ambalo watu hulifanya kwa chumvi ya kununua. Si muujiza, na tafadhali usiliandike kama muujiza. Lakini majivu hayanunuliwi, na hilo si dogo.

Nilimpelekea Daktari matokeo, yamechapwa, yana sahihi yangu. Alisoma yote akiwa amesimama. Akasema: "Nyungu?" Nikasema, "Nyungu." Akavua miwani, akakaa. Nilidhani atacheka. Akasema semina imekaribia, ratiba imeshachapwa, jopo lilishaamua, na jambo hili "tutaliangalia baadaye, kwa utulivu." Akaniomba nisiliseme nje kwa sasa. Si mtu mbaya, Lewis. Amechoka kama sisi, na aliyechoka huona haya kurudi nyuma.

Najua utaandika. Najua pia unajiuliza ufanye nini na jina langu, kwa sababu ya mkataba. Mwalimu mkuu wako angekushauri uandike "chanzo ndani ya maabara." Usithubutu. Nimekuwa msaada wa kiufundi kwa muda wa kutosha. Vipimo ni vyangu, na kile kipimo cha majivu ni mimi niliyekipata. Niandike kwa jina kamili. Wakinifukuza, nitafukuzwa nikiwa na jina.

Mwambie mama yako pole kwa nyungu.

Persis

*

BARUA YA WAZI
Nakala: ubao wa matangazo, Idara ya Kemia; wanajopo wote wa mradi

Magwagwa, Nyamira
2 Septemba 2025

Kwa Daktari Manasseh Ochoki

Mwalimu wangu,

Dai langu la kwanza lilikuwa kwamba unga wangu hauna kitu cha kigeni. Dai hilo lilikuwa la uongo, ingawa sikujua. Ulisema kuna kitu, na kipo. Katika hilo umenishinda, na ninakubali hapa, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu nitakachokudai wewe ni hicho hicho.

Kosa langu lina jina lake na nitalitaja mwenyewe kabla halijatajwa. Niliandika "chombo cha kauri" kwa sababu niliona haya kuandika "nyungu ya mama yangu, Gesare." Ningeandika neno hilo moja tangu mwezi wa Juni, mtu yeyote aliyekulia kwenye vilima hivi angeuliza habari za majivu, na sote tungeokoa miezi mitatu. Niliogopa kuchekwa na watu waliolelewa kwa mboga zile zile.

Sasa nakuja kwa upande wako.

Mwezi wa Julai ulikuwa na ripoti iliyosema: "Kuna potasiamu. Chanzo hakijulikani." Wewe ukawaambia wanajopo kwamba chanzo kinajulikana, nacho ni hila yangu. Ulitoka wapi kwenye "hakijulikani" hadi "udanganyifu"? Kuna hatua gani katikati? Ulitufundisha katika mhadhara wa kwanza kabisa kwamba namba inayoshuka inauliza swali. Sita, nne, mbili zilikuuliza. Mtu mmoja tu katika jengo lako alizisikia, naye ni Persis Nyanchoka, mtaalamu wa maabara. Ndiye aliyeona kwamba kuna kitu kinachokwisha, ndiye aliyeoka upya kwa majivu na bila majivu, na ndiye aliyepata kipimo ambacho mimi na nyungu yangu hatukukijua. Matokeo yake unayo tangu mwezi uliopita. Popote kichocheo hiki kitakapoandikwa, jina lake litangulie langu. Chini ya hapo sitatia sahihi.

Ninaelewa uliumizwa na mwanafunzi aliyekuja kabla yangu. Lakini adhabu yake usinilipishe mimi. Na ninaelewa uchovu. Nimeuandikia kurasa nyingi. Ila uchovu wa mtu mmoja usiwe hukumu ya mwingine.

Siombi kurudishiwa nafasi ya ufadhili. Hiyo jopo liiamue kwa vipimo, na likimpa mwingine kwa vipimo nitanyamaza, jambo ambalo wanaonifahamu watakwambia si dogo. Ninachodai ni neno lako.

Tarehe 10 Septemba nitakuwa ukumbini, na nyungu nitakuja nayo. Haiwezi tena kupikia. Harufu ya mbolea imekataa kutoka. Nilimwambia mama ninataka kuiweka mezani mbele ya wasomi. Akasema: "Ipeleke. Safari hii umeomba." Wanajopo wataishika, wataikwangua, wataipima wakitaka. Anayetaka kucheka acheke kwanza, kisha apime.

Wewe nawe uje na moja kati ya mawili: ushahidi kwamba nilidanganya, au kauli kwamba sikudanganya. Sitajibiwa ofisini, wala kwa simu, wala "baadaye, kwa utulivu." Neno "udanganyifu" ulilitamka mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao ndipo litakapothibitishwa au kufutwa. Nijibu hadharani.

Lewis Mokua Nyamweya
Mwalimu wa bodi, Magwagwa